Posho ya Mahali pa Haki

Katika chuo nilichosomea utotoni, Misri ilikuwa nchi ya mtu mmoja, naye ni Firauni. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, kila alipofika katika kisa cha Nabii Musa huishusha sauti yake, akatusimulia habari za mfalme aliyetakabari hata akajidai uungu, akaonyeshwa ishara tisa asiamini, na bahari ilipopasuka akaifuata njia yake, ikamfunika yeye na majeshi yake. Nasi watoto, tuliokaa juu ya jamvi na misahafu yetu juu ya marufaa, tulitoka pale tukiwa na yakini kwamba nchi ile haikuwa na viumbe wengine ila yeye, wachawi wake, na Bani Israili waliotumikishwa. Miaka mingi ilinipitia kabla ya kulitaamali swali ambalo marehemu baba yangu, aliyekuwa karani wa posho katika shamba moja la mkonge, angeliuliza mbele ya maswali yote: hao waliokuwa wakifanya kazi ya mfalme, walipimiwa nini, nani aliyewapimia, na siku kipimo kilipopungua walimwendea nani?

Swali hilo ndilo lililonivusha mto Naili, asubuhi moja ya mwezi wa Januari, kutoka mji wa Luxor ulio upande wa mashariki kwenda ng'ambo ya magharibi, ambako watu wa kale waliwazika wafalme wao. Kivuko kilijaa wakulima, walimu wa shule, na akina mama waliopakata vikapu vyao. Ubavuni mwetu ikapita mashua yenye tanga la pembe tatu, kwa sura ile ile ya matanga ya majahazi yetu, hata moyo ukanishtuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ugenini. Tuliposhuka gatini nilifuata njia iliyonyooka kati ya mashamba ya miwa na ya ngano changa, mifereji ikimeta pande zote mbili. Kisha, bila ya kichaka wala majani makavu ya kumwandaa msafiri, jangwa likaanza mara moja, hata mtu aweza kusimama mguu mmoja katika matope meusi na wa pili katika mchanga.

Ambaye hajausimamia mpaka ule ni taabu kuifahamu dola iliyozaliwa kandoni mwake. Wenyeji wa kale waliiita nchi yao Kemet, yaani Nchi Nyeusi, kwa ajili ya matope hayo, na jangwa wakaliita Nchi Nyekundu. Kila mwaka, kabla ya bwawa kubwa la Aswan kukamilika mwaka 1970, mto ulikuwa ukifura kwa mvua za milima ya Uhabeshi, ukayafunika mashamba, kisha ukarejea nyuma ukiacha udongo mpya. Na mwaka wao wa siku 365 waliugawa kwa mwenendo huo katika misimu mitatu, wa gharika, wa kuota mimea, na wa mavuno. Kule Aswan, katika kisiwa cha Elephantine, ingaliko ngazi ya mawe iliyotiwa alama za dhiraa, ambayo kwayo urefu wa maji ulipimwa, maana maji yaliyopungua yalileta njaa, na yaliyozidi yalibomoa vijiji. Sarafu hawakuwa nayo. Nafaka ndiyo iliyokuwa hazina, ndiyo kodi, ndiyo mshahara. Na kwa hivyo mtu aliyeshika pishi na kalamu alikuwa ameishika dola yenyewe penye mshipa wake.

Njiani nilizipita zile sanamu mbili za Amenhotep wa Tatu, kila moja ikipata mita 18 kwenda juu, zimeketi peke yake baada ya hekalu zilizolilinda kutoweka nyuma yake. Watalii walikuwa wengi pale, nami sikukaa. Nilikokwenda ni bonde dogo lililojificha nyuma ya kilima cha Qurnet Murai, mahali waitapo leo Deir el-Medina. Mlinzi wa mahali pale, mzee aliyevaa kanzu ya kijivu na kilemba cheupe, aliitikia salamu yangu kwa ukamilifu wake, akaniuliza nitokako, nami nilipomwambia kuwa natoka pwani ya Afrika ya Mashariki akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Karibu, ya ustadhi. Umetoka mbali kuja kuona nyumba za mafundi. Wageni wengi huenda kwa wafalme."

"Ya haji," nikamjibu, "wafalme nimewasikia tangu utotoni. Hawa ndio sijawasikia."

Kijiji chenyewe ni kidogo, hata mtu aweza kukimaliza kwa hatua chache asipokuwa na habari. Ndani ya ukuta zimo nyumba 68 hivi, zimebanana kando ya njia nyembamba, na kuta zake za mawe na udongo zimebaki zikifika kiunoni au kifuani. Nyumba zenyewe zafanana: chumba cha mbele, ambacho aghalabu kilikuwa na kitako cha matofali kilichojengewa pembeni, chumba cha pili chenye nguzo ya kuinulia dari na kibaraza cha kuketi mwenye nyumba, vyumba vidogo nyuma yake, na mwisho kabisa jiko lililo wazi juu, pamoja na tanuri la mikate, mahali pa kutwangia, na ngazi ya kupandia darini. Humo waliishi, kwa muda wa kama miaka mia nne, tangu mwanzo wa nasaba ya kumi na nane hata mwisho wa nasaba ya ishirini, mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme katika bonde lililo nyuma ya mlima: wakata mawe, wapiga lipu, wachoraji na makarani, pamoja na wake zao na watoto wao, mwana akiishika kazi ya baba kila ilipowezekana. Mfaransa Bernard Bruyère alipafukua tangu mwaka 1922 hata mwaka 1951, na kaskazini ya kijiji, katika shimo kubwa lipatalo mita 50 kwenda chini, yakapatikana maelfu ya vigae na vibapa vya mawe ya chokaa vilivyoandikwa kwa wino, ambavyo watu wale walivitumia kama sisi tutumiavyo vipande vya karatasi: hati za madeni, barua, kesi, hesabu za nafaka, malalamiko. Sijui mahali pengine katika dunia ya zamani za namna ile ambapo mnyonge amesema maneno mengi kiasi hiki kwa kinywa chake mwenyewe.

Kazi yao waliifanya, kwa jina walilolipa wenyewe, katika Mahali pa Maat. Neno hili maat halina mwenziwe mmoja katika lugha yetu. Ni haki, ni kweli, ni insafu, tena ni ule mpango wa tangu asili unaolichomoza jua na kuufurisha mto kwa wakati wake. Na kwa imani yao alikuwa pia mungu wa kike mwenye unyoya wa mbuni kichwani. Mfalme aliwekwa ili aisimamishe maat, na katika kuta za mahekalu huonekana ameinua sanamu yake ndogo katika kiganja mbele ya miungu, kwa namna mtu atoavyo sadaka. Ama raia, alipokufa, moyo wake ulitiwa katika kitanga kimoja cha mizani na maat katika kitanga cha pili, mbele ya Osiris na waamuzi 42, naye akasimama akikana madhambi moja baada ya moja: akakana kuua, akakana kuiba, akakana kumsingizia mtumwa mbele ya bwana wake, na akakana pia, na hapa ndipo nilipotua, kupunguza kipimo cha nafaka na kuuchezea ulimi wa mizani. Moyo uliolemewa alipewa mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na kiuno cha kiboko, akaula. Mimi ni Mwislamu, na mizani ya Siku ya Kiyama naiamini kama nilivyofundishwa, wala sisemi kuwa imani hizi mbili ni moja. Lakini niliposoma orodha ile ya madhambi nilimwona baba yangu katika ghala la shamba, akiifuta pishi kwa ukingo wa ubao ili iwe ya mfuto hasa, isipungue wala isizidi, na safu ya watu ikimtazama mkono.

Mlinzi alinionyesha njia inayopanda mlimani kutoka kijijini. Mafundi waliifuata kwenda kazini, wakalala juu kule katika vibanda vya mawe, wakarudi majumbani mwao mwisho wa juma lao, ambalo lilikuwa la siku kumi. Walipangwa pande mbili, wa kulia na wa kushoto, kama mabaharia katika chombo, kila upande na mnyapara wake, na juu ya wote alikuwako karani wa kaburi. Patasi za shaba zilikuwa mali ya mfalme, zikipimwa uzito kwa jiwe wakati wa kutolewa na wakati wa kurudishwa, ili mtu asikwangue shaba ya dola. Na tambi za taa zilizowamulikia ndani ya mwamba zilihesabiwa moja moja. Katika makumbusho ya Uingereza liko jiwe la mwaka wa 40 wa Ramesses wa Pili, lililoandikwa majina ya watu na siku walizokosekana kazini pamoja na sababu zake: huyu ameumwa macho, huyu ameumwa na nge, huyu alikuwa akitengeneza pombe, huyu alikuwa akimvika sanda mama yake, na yule mkewe au bintiye alikuwa katika siku zake. Sikuiona aibu yoyote katika maandishi hayo, wala karipio. Karani aliyaandika kama mtu anayejua kwamba binadamu ana mama wa kuzikwa.

Posho ya fundi kwa mwezi ilikuwa magunia manne ya ngano ya namna yao ya kale, ya kufanyia mikate, na gunia moja na nusu la shayiri, ya kufanyia pombe. Mnyapara alipata magunia matano na nusu ya ngano na mawili ya shayiri. Gunia lao, waliloliita khar, lilichukua kiasi cha lita 77, yaani kwa kipimo cha wazee wetu karibu na nusu jizla. Fauka ya nafaka, dola iliwapa samaki, mboga, kuni, vyungu na mavazi, na ikawawekea wavuvi, wakata kuni na madobi wa kuwahudumia. Hata maji, maana bonde lile halina kisima, yaliletwa juu ya migongo ya punda kutoka nchi ya mashamba. Kwa hesabu hiyo fundi wa Mahali pa Maat alikuwa mtu wa hali njema katika nchi yake, akipokea zaidi ya tumbo lake na la watoto wake, na kilichosalia akibadilishana kwa mbuzi, kitanda au jeneza. Lakini hali njema ya namna hiyo ina hatari moja kubwa: mtu asiye na shamba wala kisima, anayeletewa hata maji ya kunywa, siku punda wasipokuja hana pa kushika.

Siku hiyo ilifika katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, kiasi cha miaka 1,157 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Habari zake zimo katika hati ya mafunjo iliyoko leo Turin, Italia, na anayedhaniwa kuwa mwandishi wake ni karani wa kaburi, jina lake Amennakht. Posho ilikuwa imekwisha kuchelewa tangu miezi ya nyuma, na safari moja Amennakht mwenyewe alikwenda katika hekalu la Horemheb akarudi na magunia 46 ya ngano awagawie watu. Hayakutosha. Katika siku ya kumi ya mwezi wa pili wa msimu wa kuota mimea, baada ya siku kumi na nane kupita bila ya kipimo, mafundi waliweka chini patasi zao, wakazipita kuta tano zilizokuwa mpaka wa kazi, wakasema kwamba wana njaa, wakaenda wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu. Wanyapara na makarani wakawafuata kuwasihi warudi, hawakurudi. Siku ya pili wakafika ukingo wa hekalu la Ramesses wa Pili, waliitalo wasafiri Ramesseum, na siku ya tatu wakaingia ndani. Maneno waliyoyasema kwa makuhani na wakuu wa mahali pale ni ya watu wenye adabu na uchungu pamoja: kwamba wamefikishwa pale na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na kwamba apelekewe habari Firauni, bwana wao mwema, na apelekewe waziri aliye juu yao, ili wapate kuishi.

Nimeyasoma haya mara nyingi, na kila mara nasimama penye jambo moja. Mkuu wa askari wa mji ule, Montumes, aliyepaswa kuwatawanya, aliwashauri wachukue wake zao na watoto wao, wafunge milango, naye atawatangulia mwenyewe kwenda hekalu la Seti wa Kwanza wakakae huko. Huyo ni mlinzi wa dola, ila moyo wake ulikuwa umekwisha kupima.

Walipewa posho ya mwezi uliopita. Kisha ikachelewa tena, wakatoka tena, na safari moja waziri To, aliyekuwa amefika katika nchi ile kwa shughuli za sikukuu ya miaka thelathini ya mfalme, hakuwaendea mwenyewe, bali aliwapelekea mjumbe na maneno ya kujitetea, kwamba hakuiondoa yeye posho yao, na kwamba hata ghala lenyewe ni tupu, naye atawapa kile atakachokipata. Wakapata nusu posho.

Ghala tupu! Kesho yake nilikwenda Ramesseum kwa miguu, kwa kuwa nilitaka kupaona walipoketi. Sanamu kubwa ya Ramesses wa Pili imelala pale, imevunjika, na watu hupigwa picha mbele yake. Mimi nilipita nyuma ya hekalu, kwenye safu kwa safu za majengo marefu ya matofali ya udongo yenye dari za matao, ambazo baadhi yake zingali zimesimama baada ya miaka elfu tatu na zaidi. Hayo ndiyo maghala. Katika hekalu kama lile iliingizwa nafaka ya mashamba mapana ya mungu, na mahekalu ya upande ule wa mto ndiyo yaliyokuwa yakitoa posho ya mafundi. Waliketi, basi, mahali ambapo pua zao zilikuwa karibu na ghala kuliko midomo yao na mkate. Na ile hati kubwa ya mafunjo, yenye urefu wa kiasi cha mita 41, ambayo ndani yake zimeorodheshwa sadaka na mali alizozitoa Ramesses wa Tatu kwa miungu, inataja kwamba watu zaidi ya 86,000 walikuwa chini ya milki ya mungu Amun wa Thebes, ndiyo Luxor ya leo, peke yake. Mfalme huyo alikuwa amepigana na Walibya na mataifa yaliyokuja kwa bahari, bei ya nafaka ikaanza kupanda, na wakuu walikuwa na mikono yao. Sababu hizi zote nazikubali, lakini hazinipi raha. Dola iliyoweza kuhesabu tambi za taa haikushindwa kuhesabu magunia ya watu wa kijiji kimoja.

Wala si kwamba hawakuijua njia iliyo bora. Karibu na Ramesseum, katika kilima cha Sheikh Abd el-Qurna, limo kaburi la Rekhmire, aliyekuwa waziri wa Thutmose wa Tatu miaka kama mia tatu kabla ya mgomo ule. Neno hilo waziri tulilolipokea kwa Waarabu lamfaa kabisa, maana mtu yule ndiye aliyebeba mzigo wa mfalme: mahakama, kodi, ardhi, mifereji, ghala, wajumbe. Njia ya ndani ya kaburi lake ni nyembamba, na dari yake huinuka kadiri unavyoingia hata kufikia mita nane mwishoni, na kuta zote zimejaa watu wa rangi zao wakiwa kazini: wafyatua matofali wakichota maji katika bwawa, maseremala, wafua dhahabu, watu wa Punt wakileta ubani, watu wa Nubia wakiongoza twiga ambaye tumbili anampanda shingoni. Lakini mimi nilisimama mbele ya maandishi, ambapo yamewekwa maneno ya mfalme siku ya kumtawaza waziri. Humo anaambiwa kwamba uwaziri hauna utamu, bali ni uchungu. Amtazame amjuaye sawa na asiyemjua, na aliye karibu naye sawa na aliye mbali. Asimfukuze mwenye shauri kabla hajamsikiliza, na akilikataa ombi lake amweleze sababu ya kulikataa.

Kisha kimetajwa kisa cha waziri mmoja wa zamani, Khety, ambaye kwa kuogopa asinenwe kuwa anawapendelea jamaa zake, aliwahukumu jamaa zake kwa dhulma na kuwapa haki watu baki. Mtu mwingine angelimsifu. Mfalme yule anamwonya Rekhmire kwamba jambo lile limepita kiasi cha haki, maana upendeleo ni chukizo kwa mungu uwe kwa nduguyo au kinyume cha nduguyo. Nilitoka mle kaburini nikaketi juu ya jiwe katika jua kali nikilifikiri neno hili, kwa kuwa nimeyaona katika maisha yangu mabaraza mengi na wazee wengi wenye sifa ya uadilifu, na wachache mno waliofika kina hicho.

Katika kijiji, mambo ya hukumu yalikuwa mikononi mwao wenyewe. Walikuwa na baraza lao la wanyapara, makarani na wazee, lililosikiliza kesi za punda aliyekodiwa akafa na za vyungu vya mafuta visivyolipwa. Mbele ya baraza hilo, katika mwaka wa tatu wa Ramesses wa Tano, alisimama mwanamke mzee, jina lake Naunakhte, mwenye watoto wanane, akatoa wasia wake: waliomtunza katika uzee wake warithi mali yake, na wale waliompa kisogo wasipate sehemu katika mali hiyo, ila watapata ya baba yao. Yeye mwanamke alimiliki, akasema, ikaandikwa, na baraza likashuhudia. Mashauri yaliyowashinda wanadamu waliyapeleka kwa Amenhotep wa Kwanza, mfalme aliyekwisha kufa zamani wakamfanya mlinzi wa kijiji. Sanamu yake ilibebwa mabegani, mwenye kesi akauliza, na sanamu ikisogea mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni siyo. Na wabebaji walikuwa ni mafundi wenyewe, majirani wa mshitaki na mshitakiwa, waliokwisha kujua nani aliyeiba.

Dini ya mahekalu makubwa nayo ilikuwa jambo jingine. Huko kuhani alinyoa nywele za mwili wote, akaoga, akaingia kwa zamu ya mwezi mmoja katika kila miezi minne kumvika mungu na kumwandalia chakula nyuma ya milango ambayo raia hakuivuka. Mtu wa kijijini alikuwa na kilele cha mlima juu ya nyumba yake, na katika kilele hicho alikaa Meretseger, mungu wa kike mwenye sura ya nyoka, ambaye maana ya jina lake ni mwenye kupenda kimya. Fundi mmoja, Neferabu, alichonga jiwe akakiri kwamba alimkosea mlima, ukamwadhibu, akaumwa hata pumzi zikamtaabisha, kisha akaomba na kusamehewa. Nimekaa katika nchi nyingi, nikaona ibada nyingi. Toba ya mtu yule ni toba niielewayo.

Alasiri ya siku ile ya pili nilirudi kwa mzee wangu wa Deir el-Medina, na zamu yake ilipokwisha akanisindikiza hata Medinet Habu, hekalu la Ramesses wa Tatu mwenyewe, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa upande huo. Huko mfalme amechorwa katika kuta za nje akiwapiga maadui zake, na makarani wakihesabu mafungu ya mikono iliyokatwa. Na katika ukuta wa kusini imechongwa orodha ndefu ya sikukuu na ya mikate na nafaka iliyopasa kutolewa katika kila moja. Miaka michache baada ya mgomo, watu wa nyumba yake mwenyewe walimfanyia njama, na wataalamu waliouchunguza mwili wake wameona kuwa alikatwa koo.

Sikuja pale kwa ajili yake. Mwisho wa nasaba ya ishirini, nchi ilipokosa amani na watu wa jangwani wakawa wanaingia, mafundi walikiacha kijiji chao wakahamia ndani ya kuta za Medinet Habu, na mmoja wao alikuwa Thutmose, karani wa kaburi, wa ukoo wa yule Amennakht wa mgomo. Katika mwaka wa 12 wa Ramesses wa Kumi na Moja, kiasi cha miaka sitini baada ya mababu kuketi wakiwa na njaa nyuma ya mahekalu, karani huyu alipanda chombo, akaenda mji kwa mji upande wa kusini, akikusanya mwenyewe kwa wakulima na makuhani nafaka ya posho, akiandika kila gunia na jina la aliyelitoa, na kuikabidhi Thebes kwa mkuu wa magharibi na kwa mwanamke aitwaye Henuttawy, mwimbaji wa hekalu la Amun. Hati ya hesabu hiyo ipo. Nilipoisoma habari yake kwa mara ya kwanza nililia, wala sioni haya kulisema, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwezi ule ambao posho ya shamba letu haikuja. Watu walijaa barazani kwetu usiku, na baba, ambaye hakuwa na hata kibaba cha kuwapa, alileta taa na daftari, akawasomea kila mtu jina lake na kiasi anachodai, mmoja baada ya mmoja hata wakaisha, ili kila mtu ajue kwamba haki yake imeandikwa. Alfajiri akaenda kwa miguu mpaka stesheni kuulizia behewa la mahindi.

Nyumba ya mwana wa Thutmose, Butehamun, aliyekuwa karani baada ya babake, iko upande wa magharibi wa ua wa hekalu, na nguzo zake nyembamba zingali zimesimama kwenye mchanga. Huyu ndiye aliyefiwa na mkewe akamwandikia barua, akiiambia jeneza lake limfikishie maneno. Tulikaa hapo hata jua likagusa ukingo wa mlima. Nilimwuliza mzee kama kwao nafaka hupimwa kwa kilo siku hizi, akasema sokoni ni kilo, lakini nyumbani kwa marehemu baba yake kilikuwako kipimo cha mbao, naye ndiye aliyekuwa akipima kwa ajili ya majirani wakati wa mavuno.

"Mlikuwa mkikijaza namna gani?" nikamwuliza.

Hakunijibu kwa maneno. Aliinua mkono wa kushoto kana kwamba ameshika kitu cha duara, na kwa ukingo wa kiganja cha kulia akaupitisha juu yake polepole, toka upande huu hata upande huu, kisha akakung'uta vidole juu ya kipimo kile, ili chembe zilizonata zirudi ndani.